Valve wameua ligi ya Dota 2 na sisi tumekaa kimya

Wakuu, habari za usiku huu. Nimejizuia muda mrefu nisiandike, lakini juzi nimebishana na rafiki yangu kuhusu jambo hili hadi tukakatiana simu. Yeye anasema Dota 2, gemu la kompyuta la Valve ambalo timu mbili za watu watano zinapigana, imezeeka tu, kila gemu lina wakati wake. Mimi nakataa. Kuzeeka ni jambo moja, kunyimwa chakula ni jambo lingine.

Nilianza mwaka 2013, kwenye banda la gemu Kinondoni, kompyuta sita na feni moja. Seva tuliyokuwa tunacheza ilikuwa ya Ulaya, pingi (ule ucheleweshaji wa mtandao) mia mbili na ushee, mpinzani anakupiga kabla shujaa wako hajageuka. Hatukujali. Mwaka ule ule tulikesha hadi asubuhi kuangalia fainali ya The International, mashindano ya ubingwa wa dunia ya Valve ya kila mwaka, kutoka Seattle, timu za Alliance na Na'Vi, mchezo wa tano, watu kumi na moja tumebanana kwenye skrini moja. Sijawahi kuona mpira ukiwafanyia watu vile.

Sasa twende kwenye pesa, maana hapo ndipo wengi wanapotolea hoja bila kuhesabu.

The International ya kwanza, Cologne 2011, Valve waliweka dola milioni 1.6. Mwaka 2013 wakaja na utaratibu wa kutuuzia kijitabu cha mashindano ndani ya gemu, baadaye kikaitwa Battle Pass, na robo ya mauzo ikawa inaingia kwenye mfuko wa zawadi. Mfuko ukapaa: karibu milioni 11 mwaka 2014, zaidi ya milioni 34 mwaka 2019, na ule wa Bucharest uliochezwa 2021 ukafika dola 40,018,195. Toeni ile milioni 1.6 ya Valve. Zinabaki milioni 38 na kidogo, na hiyo ni robo tu. Maana yake sisi mashabiki tulinunua vitu vya zaidi ya milioni 150, na robo tatu zikabaki kwa mwenye gemu. Sisemi waliiba, masharti tuliyajua. Nasema msije hapa kuniambia gemu hili halikuwa na pesa.

Halafu angalieni anguko. 2022 Singapore, milioni 18.9. 2023, baada ya Battle Pass kuondolewa, milioni 3 na kidogo. 2024 Copenhagen na 2025 Hamburg, zote hazikufika milioni 3. Sababu waliyotoa ni kwamba wachezaji wengi hawakuwahi kununua Battle Pass, hivyo ni bora nguvu za watengenezaji ziende kwenye mambo ya kila mtu. Sawa, nimesikia. Lakini hata sisi tuliokuwa tunanunua tulikuwa watu, na tulinunua kwa sababu tulijua sehemu ya hela inakwenda kwa wachezaji.

Ila sikilizeni vizuri, kilio changu kikubwa si ukubwa wa sufuria. Kilio changu ni kwamba walipika sufuria moja tu kwa mwaka mzima, na nyumba nyingine zote zikalala njaa.

Mwaka ule ule wa milioni 40, Team Spirit walichukua peke yao zaidi ya milioni 18 kwa kushinda shindano hilo moja. Na ligi ya kanda ya Valve, ile iliyowalisha wachezaji mwaka mzima? Dola 280,000 kwa kanda moja kwa msimu, kwa timu 16 za madaraja mawili. Gawanyeni kwa usawa kabisa, jambo ambalo halikufanyika: dola 17,500 kwa timu. Gawanyeni tena kwa wachezaji watano, hapo sijamtaja kocha wala kodi ya nyumba. Hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tunamwambia kijana aache shule akaifanye.

Mtu mwenye njaa anauza mechi. Newbee, mabingwa wa dunia wa 2014, walifungiwa China mwaka 2020 kwa kupanga matokeo, na Valve wakaithibitisha adhabu hiyo mwaka uliofuata. Mwaka 2023 China hiyo hiyo ikawafungia wachezaji wengine wengi kwa kosa lile lile. Ni kanda iliyotoa mabingwa 2012, 2014 na 2016! Tangu Wings Gaming washinde 2016 haijashinda tena. Na jezi za leo? Kampuni za kubeti. Kuna timu kubwa inayoitwa BetBoom Team, jina la kampuni ya mikeka ndilo jina la timu. Wadhamini wengine wamekwenda, mwenye mikeka amebaki, na sisi tunaojua mikeka imewafanya nini vijana wa mitaa yetu tunapaswa kuliona hilo kuliko wengine.

Basi dawa ya Valve ikawa nini? Septemba 2023 wakaifuta ligi yote. Wakasema kanuni zao zimeifanya Dota ya mashindano ipunguze msisimko, kwa hiyo wanajitoa waandaaji wawe huru. Kanuni zilikuwa mbaya, nakubali, na Januari 2022 walipofuta Major, yale mashindano makubwa ya msimu, kwa taarifa fupi wachezaji wenyewe walipiga kelele. Lakini nyumba ikivuja unaezeka upya, hubomoi kuta watu wakiwa wamelala ndani.

Madaraja ya pili yakafa siku ile. Evil Geniuses, mabingwa wa 2015, fahari ya Amerika Kaskazini, walikuwa wameshahamia Amerika Kusini, kisha wakaiacha Dota kabisa. Waandaaji waliobaki wanaalika timu zile zile kila mwezi. Na wale waliokuwa wanatupoza kwa pesa za mashindano ya Riyadh, Saudia, haya: milioni 15 mwaka 2023, milioni 5 mwaka 2024, milioni 3 mwaka 2025. Pesa ya mgeni huondoka na mgeni.

Najua kuna atakayekuja kusema "lakini mechi za juu bado ni tamu". Ndiyo, ni tamu. Fainali ya Hamburg, Falcons na Xtreme Gaming, ilikwenda hadi mchezo wa tano na nilisimama nikiiangalia. Swali langu ni wa kesho watatoka wapi. OG waliotwaa ubingwa 2018 walipitia mchujo wa wazi, ule ambao timu yoyote inajiandikisha. Walikuwa wamekimbiwa na wachezaji wawili miezi mitatu kabla, wakamchukua kijana wa Finland ambaye hakuna aliyemjua, na wakarudi kutwaa tena 2019.

Sisi Afrika tulikuwa nje tangu mwanzo. Ligi ilikuwa na kanda sita, Ulaya mbili, Amerika mbili za kaskazini na kusini, China na Kusini-Mashariki mwa Asia. Bara zima halikupewa kanda. Bado tuliifuatilia, tuliinunulia, kwa kadi za kuazima na kwa kumtumia hela ndugu aliye nje atununulie.

Ninachotaka hakihitaji milioni 40. Rudisheni Battle Pass, robo ile ile, nusu yake iende kwenye madaraja ya chini mwaka mzima. Rudisheni mchujo wa wazi unaomwingiza mshindi kwenye ligi. Basi.

Kuna dogo pale bandani, ana miaka 17, amefika Immortal, ngazi ya juu kabisa ya gemu, kwa pingi ile ile niliyoteseka nayo mimi. Wiki iliyopita aliniuliza, "Kaka, nikitaka kucheza mashindano ya kweli naanzia wapi?" Mwaka 2022 ningemwambia: tafuta wenzako wanne, ingieni mchujo, mkishinda mnaingia daraja la pili la Ulaya, mkipanda mnakutana na timu kubwa kama Liquid. Safari ndefu, lakini njia ilikuwepo. Safari hii nilimwambia ngoja nitakujibu.

Walioko Nairobi, Kampala, Bujumbura, Muscat, popote: kama kuna mashindano yoyote ya Dota yanayopokea timu isiyo na jina, wekeni hapa chini. Nataka nimpelekee jibu Jumamosi.