Watoto wa marehemu kaka yangu wamechukuliwa na ustawi wa jamii, leo siku ya nne. Naomba msaada

ShangaziKihonda (Jumamosi, saa nne usiku)

Habari zenu wote. Naandika kutoka Kihonda, Morogoro. Nikichanganya mambo mnisamehe, tangu Jumatano sijalala usingizi wa maana.

Kaka yangu alifariki mwaka 2023, akaacha mke na watoto watatu. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 9. Anayemfuata ni wa kike, miaka 6. Kitinda mimba alizaliwa baba yake akiwa tayari hatoki kitandani, sasa ana miaka miwili na miezi yake. Wifi yangu anaishi Buza, Dar, chumba kimoja cha kupanga, nyumba ya wapangaji sita. Kazi yake ni samaki. Saa tisa usiku anatoka kwenda Feri awahi mnada, anachukua ndoo yake, anarudi kuparua na kukaanga, jioni anauza pale kwenye kona. Akichelewa mnada, ndoo ileile inapanda bei na siku hiyo imekufa.

Kwa hiyo kuanzia saa tisa usiku mpaka saa tatu asubuhi watoto wanabaki na kaka yao. Yeye anasoma zamu ya mchana, ndivyo walivyojipanga. Wiki tatu zilizopita huyu mdogo alijimwagia uji mkononi. Kaka yake alikuwa anaupasha kwenye jiko la mkaa. Wifi alipofika tu alimkimbiza zahanati, alifungwa dawa, kadi ipo.

Jumatano saa moja asubuhi akaja afisa ustawi wa jamii na askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto. Kuna mtu alipiga simu 116, ile namba ya kutoa taarifa za watoto walio hatarini. Walikuta mlango umerudishiwa tu, mdogo analia, jiko bado lina moto. Wakawachukua wote watatu. Wifi anarudi saa tatu, ndoo kichwani, anakuta chumba kitupu na majirani wamesimama uani kimya. Ile ndoo ilioza palepale mlangoni, hakuna aliyeigusa mpaka usiku.

Alhamisi alikwenda ofisini, Ijumaa akarudi tena. Anaambiwa watoto wako salama kwenye makao ya watoto, asubiri. Hajapewa karatasi yoyote. Alipoanza kulia kwa sauti mlinzi akamtoa nje.

Ninachouliza: wanaweza kuchukua watoto hivihivi bila mahakama? Na mimi shangazi yao naruhusiwa kuwachukua? Nina vyumba vitatu, nashona nguo hapahapa nyumbani, mume wangu amekubali kwa moyo mmoja. Halafu kuna watu wanamwambia wifi kwamba mtoto akishaingia makao anapewa watu wa kuasili na humwoni tena. Hilo ndilo linalommaliza kabisa.

Na nisiwafiche: ile bandeji niliiona kwenye simu ya video. Nikauliza, akanieleza, nikamtumia elfu ishirini nikamwambia Mungu atasaidia. Sikumuuliza usiku wanalala na nani. Nilikuwa najua jibu.

MstaafuUstawi

Pole sana dada yangu. Nimekuwa afisa ustawi wa jamii miaka 27, sasa nimestaafu. Nakujibu kwa ninavyoijua kazi.

Ndiyo, mtoto anaweza kuondolewa kabla ya mahakama, wakiwa na sababu za msingi kwamba yuko hatarini. Ila Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa siku 7 tu za kumweka mahali salama. Kabla hazijaisha lazima afikishwe mahakamani, na kuanzia hapo mwamuzi ni hakimu. Kama ni Jumatano, hesabu mwenyewe: mwisho Jumanne. Usikae Morogoro kungoja kuitwa. Jumatatu saa moja na nusu muwe mlangoni, wewe na wifi yako, muulize kwa upole jambo moja tu: shauri linakwenda mahakama gani, siku gani?

Mahakamani afisa anaweza kuomba amri ya matunzo. Hiyo ni nzito. Inahamisha haki za mzazi kwenda kwa afisa ustawi na inaweza kufika miaka 3. Lakini sheria hiyohiyo inamkataza hakimu kuitoa mpaka aridhike kwamba njia nyingine zote za kumsaidia mtoto zimejaribiwa zikashindikana. Sasa kwa wifi yako imejaribiwa njia gani? Nani alimtafuta shangazi wa Kihonda? Mkaliseme hilo, bila kelele. Na hata amri ikitoka, mtoto si lazima alale kwenye makao. Sheria inataja pia familia za kuaminika na nyumba ya ndugu. Ipo vilevile amri ya uangalizi: mtoto anabaki nyumbani, afisa anakwenda kumwangalia.

Leo hii mwone mwenyekiti wa mtaa wako, hata kama ni usiku mgongee. Akuandikie barua kwamba anakufahamu, unaishi na nani, unafanya kazi gani. Wifi yako abebe vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, daftari la mkubwa, na ile kadi ya zahanati ya siku mtoto alipoungua. Hiyo kadi ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mzazi aliyetelekeza hana kadi ya siku hiyohiyo.

Kuasili ni shauri jingine kabisa, lina maombi yake na ridhaa ya mzazi inaulizwa. Mwambie apumue.

Nikupe na langu. Mwaka 1998, wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, nilimchukua mtoto wa miaka 4 ambaye mama yake alikuwa anamfunga kamba kiunoni anapokwenda vibarua vya kupalilia. Niliiona kamba kwa macho yangu nikaandika ripoti. Sikuipima. Baadaye sana ndiyo nilielewa kwamba ilikuwa inafika kwenye mkeka na kwenye mtungi wa maji, haifiki kisimani. Bibi mzaa mama nilimpata baada ya miezi 8, kijiji cha pili tu kutoka pale. Alikuwa na mbuzi na nyumba ya bati, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kitu.

BintiMtongani

Pole dada, lakini mimi nina la kusema upande wa pili na usinichukie.

Mtoto wa miaka 9 hawezi kulea mtoto wa miaka miwili saa tisa usiku. Mimi nilikuwa huyo wa miaka 9. Mama alikuwa anafanya kazi baa, sisi tunafungiwa kwa nje ili tusitoke. Kibatari kilidondoka kwenye neti. Mimi nilitolewa dirishani na wanaume waliokata nondo, mdogo wangu hakutoka. Majirani zetu walijua kila kitu. Walimpenda mama, hawakutaka kumletea matatizo.

Aliyepiga 116 msimtafute wala msimnunie. Sheria inamtaka kila mwenye ushahidi atoe taarifa. Hangaikeni na watoto, mwacheni yeye.

ShangaziKihonda

BintiMtongani, nimeisoma mara tatu. Sikuchukii. Nimeshampigia wifi nikamwambia aache kuulizauliza pale uani.

Mzee wetu, barua nimeipata usiku huuhuu, mwenyekiti kaandika akiwa na msuli. Swali moja: wifi anaogopa akisema ukweli kwamba anawaacha peke yao atakuwa amejifunga mwenyewe. Aseme au akane?

MstaafuUstawi

Aseme. Wameshaona, akikana atakuwa mtu asiyeaminika na hapo ndipo mlango unafungwa. Kuna maneno kwenye sheria ambayo maafisa wengi wanayaruka: inamzungumzia mzazi ambaye *anaweza lakini anakataa au anapuuza* kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu. Wifi yako hakukataa. Aliungua mtoto, akamtibu. Njaa hawana kwa sababu ya hiyohiyo safari ya saa tisa. Aeleze ratiba yake kama ulivyoieleza hapa, kisha aseme kuanzia sasa usiku atakaa nani. Hapo mbele ya "nani" lazima kuwe na jina la mtu mzima, aliyesimama pale. Bila jina, maneno yote mazuri hayasaidii.

Na mtu yeyote akiwadokezea hela ya mafuta ya gari au ya faili, msitoe. Kama hamna wakili, ulizeni mahakamani palepale, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na hawalipwi na ninyi.

MamaWawiliMbeya

Mimi wangu walikaa makao miezi 5. Nilikuwa nakunywa, sina cha kujitetea, na wamerudi. Nakuambia vitu ambavyo hutaviona kwenye sheria.

Wifi yako aombe siku ya kuwaona watoto na asikose hata mara moja, hata mvua inyeshe vipi. Wana daftari, wanaandika nani alikuja. Asiwaambie "kesho mnarudi" kama hana hakika. Mimi nilisema hivyo, mwanangu wa kike akakaa getini kuanzia asubuhi mpaka walipomtoa kwa nguvu, na wiki iliyofuata hakunisemesha. Mpelekee huyo mdogo kanga ya mama yake ambayo haijafuliwa. Wakikataa aombe tena. Huyu wangu mdogo alilala siku niliyoipeleka, mlezi mwenyewe aliniambia.

Na wakirudi msishangae mkubwa akiwa na hasira na mama. Atakuwa anaona yeye ndiye aliyesababisha.

ShangaziKihonda (Jumatano, saa sita mchana)

Nimerudi kuwapa mrejesho.

Jumatatu tulifika ofisini kabla hata hawajafungua. Afisa mwenyewe ni binti mdogo, ana mafaili mpaka chini ya meza. Nilikuwa nimejiandaa kupambana, nikakuta ananiuliza, "Mama, wewe ulikuwa wapi siku zote?" Sikuwa na jibu. Nikampa barua. Akapiga simu ofisi ya ustawi ya huku kwetu, jioni ileile akaja afisa wa huku nyumbani, akaangalia chumba, choo, akauliza cherehani naizima saa ngapi, akaongea na mume wangu peke yake.

Jana tukaenda mahakamani. Wanasikiliza faragha, ndani tulikuwa sisi, afisa, karani na hakimu, hakuna kizimba. Wifi alisema kila kitu kama mzee alivyoshauri. Sauti ilikatika mara moja tu, alipofika kwenye uji. Hakimu akamwita mkubwa, akamuuliza anataka nini. Akasema, "Nilikuwa najua kuzima jiko. Siku ile tu ndiyo sikuzima."

Basi. Hakimu akasema wakati shauri linaendelea watoto wakae kwangu, afisa wa huku awe anapita, mama aje wakati wowote anaoweza kulala hapa. Tarehe nyingine ni baada ya wiki tatu. Wifi ameanza kuuliza bei ya fremu ya kukaangia huku kwetu Msamvu, samaki wa bwawa la Mindu au wa kutoka Dar kwa basi, bado tunapiga hesabu na hesabu haijakaa sawa.

Tulifika saa mbili usiku. Wadogo wamelala. Huyu mkubwa saa tisa ya usiku nimemkuta jikoni kwangu, gizani, anagusa jiko kwa kiganja kuona kama limepoa. Nimekaa naye pale chini mpaka adhana ya alfajiri.

MamaWawiliMbeya, wa kwako ilichukua muda gani kuacha kuamka? Na kwa anayejua, uhamisho wa darasa la tatu katikati ya muhula nauanzia shule ya Buza au ya huku?