Maumivu ya misuli baada ya mbio za mlimani: maji baridi, kukanda, kuchuliwa au vidonge?

Mkimbiaji wa Kiboriloni
Habari zenu, ndugu zangu. Klabu yetu hapa Moshi inajiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro, na mazoezi ya Jumapili tumeyahamishia barabara ya Mweka, kwa kuwa ndiko kilomita 21.1 za siku yenyewe hupandia na kushukia. Matokeo yake ni kwamba Jumatatu wengi wetu tunashuka ngazi kinyumenyume kwa jinsi mapaja yanavyouma. Wapo wanaojimwagia maji baridi, wapo wanaojikanda kwa maji ya moto, wapo wanaokwenda kuchuliwa, na wapo wanaomeza diklofenaki asubuhi na jioni. Naomba tuzilinganishe njia hizi kwa hoja, hasa kwa mtu ambaye Jumatatu hiyohiyo anatakiwa kusimama kazini kutwa nzima.

Mtaalamu wa Viungo
Ndugu Mkimbiaji, tuanze na kile kinachotibiwa. Wengi husema ni asidi ya laktiki, lakini laktiki huisha mwilini ndani ya saa moja au mbili za mapumziko, ilhali maumivu mnayoyazungumzia huchelewa kuanza na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Chanzo chake ni nyuzi za misuli kuumia kidogo kidogo, pamoja na uvimbe mdogo unaofuata, hasa pale misuli inapojikaza huku ikivutwa irefuke. Paja hufanya hivyo kila hatua ya mteremko, maana ndilo linalouzuia mwili usiporomoke. Kwa hiyo kupanda Mweka kunawatoa jasho, lakini kurudi mjini ndiko kunakowaumiza.

Maji baridi husaidia kwa kiasi, mradi yawe baridi kweli, nyuzijoto 10 hadi 15, na miguu izame hadi kiunoni kwa dakika 10 hadi 15. Kujimwagia ndoo moja bafuni ni kuoga tu. Kwa joto la Moshi mtahitaji pipa na barafu. Anayenyanyua vyuma ili ajenge misuli asiyafanye kuwa desturi ya kila zoezi, kwa sababu ubaridi huo hupunguza ukuaji wa misuli anaoutafuta. Mkimbiaji anayetaka tu kutembea vizuri kesho yake hana haja ya kuhofia hilo.

Mama wa Pasua
Mimi sikubaliani na habari ya pipa. Barafu ya kujaza pipa kila Jumapili ni gharama, na wengine hatuna hata pa kuliweka. Taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, likawekwa mapajani jioni na tena kabla ya kulala, hulegeza misuli iliyokaza, nami huamka nikiwa na unafuu. Je, Mtaalamu, kuna ubaya wowote?

Mtaalamu wa Viungo
Hakuna ubaya, Mama, mradi maji yasiwe ya kuunguza ngozi. Unafuu wake ni wa muda, lakini hata wa pipa si wa kudumu. Mahali pasipofaa kukandwa kwa moto ni pale palipoteguka au kuvimba ghafla, kwa kuwa hayo ni majeraha na hayahusiani na maumivu haya ya kawaida.

Mgumu Mstaafu
Wanangu, nimebeba mizigo mlimani kwa miaka mingi, nami nitasema nilichokiona. Mtalii akitoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, akateremka hadi lango la Mweka lililo kwenye takriban mita 1,640, hupiga picha akiwa mzima, kisha kesho yake hotelini hawezi hata kukaa kitini bila kushika meza. Sisi wagumu tunateremka njia hiyohiyo na mizigo, na wiki inayofuata tunapanda tena. Mapaja yetu yameshazoea mteremko. Kwa hiyo msiishushe barabara nzima kwa kasi siku ya kwanza. Shukeni kipande, na baada ya wiki ongezeni kingine.

Kuhusu kuchuliwa, kunasaidia, ila mchuaji awe na mkono wa taratibu. Kuna wanaoamini kwamba usipopiga kelele hujachuliwa, na hao huongeza maumivu juu ya maumivu.

Mtaalamu wa Viungo
Shikamoo, Mzee. Ulilolisema ndilo ninaloliweka mbele ya tiba zote zilizotajwa hapa, kwa kuwa hata zoezi moja la wastani la kushuka huikinga misuli kwa wiki kadhaa zinazofuata. Kujinyoosha viungo baada ya mbio, ambako klabu nyingi hukutegemea, hupunguza maumivu haya kwa kiasi kidogo mno.

Mfamasia, Arusha
Naomba niseme juu ya diklofenaki, kwa kuwa inanunuliwa kama peremende. Mtu aliyetoka jasho jingi ana maji machache mwilini, na dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati huohuo figo zinapoihitaji zaidi. Mwenye vidonda vya tumbo ana hatari ya kutokwa damu. Msizimeze kabla ya mbio wala njiani, na msichanganye mbili za aina hiyo. Asiyeweza kabisa kuvumilia anaweza kutumia paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, akiwa amekunywa maji na kula. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au paja likivimba na kukosa nguvu, mtu aende hospitali siku hiyohiyo.

Mkimbiaji wa Kiboriloni
Shikamoo, Mzee, ahsanteni nyote. Tutagawa mteremko kama alivyoshauri Mzee, na kukanda kutabaki kwa wenye kupenda. Pipa tutachangia barafu ya siku ya mbio yenyewe tu. Bado naulizia Jumatatu: aliye kazini afanye nini mchana?

Mama wa Pasua
Atembee. Mimi nikikaa saa nzima dukani huinuka kwa shida, ila nikizunguka kidogo kila mara hadi jioni maumivu yanapungua.