Acheni kupima miji ya Marekani kwa maghorofa, mnawaponza watu!

Wakuu, nimevumilia sana. Leo naandika nikiwa na hasira, na mods naomba msiuunganishe uzi huu na ile mingine ya "mji upi mkali".

Kila wiki humu ndani mtu anaweka picha mbili za miji ya Texas, Dallas usiku na Houston usiku, halafu kurasa sita watu wanahesabu ghorofa. Houston ina jengo la ghorofa 75 la tangu 1982, Dallas ina lile la taa za kijani la 1985 lenye ghorofa 72, na sasa Austin, Texas hiyohiyo, imewapiku wote kwa jengo la Waterline, zaidi ya mita 310, lililofika kileleni 2025. Sawa, ni kweli yote hayo. Lakini kuna watu wanaamua wakaishi wapi kwa kuangalia hizo picha, na mmoja wao ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Dogo alipata Green Card, kibali cha kuishi Marekani, akawa na pa kufikia pawili. Binamu yetu yuko mji mdogo kule kaskazini, hauna hata jengo moja la kupigia picha, ila basi linapita mbele ya mlango wake. Mimi niko kitongoji kimoja pembezoni mwa Dallas. Nikamwambia aanzie kwa binamu mpaka apate gari. Akanirushia picha aliyoitoa humu humu, zile taa za kijani zinawaka, na ujumbe mfupi: "Kaka, mimi nataka nije mjini."

Huo mji anauona kwa mbali tu akiwa juu ya daraja. Hajawahi kufanya kazi ndani yake hata siku moja. Kibarua alichopata ni cha ghala la mizigo, kilomita tisa kutoka tunapolala, na hakuna basi la kwenda huko. Uber ni dola 17 kwenda na 17 kurudi. Analipwa dola 16 kwa saa. Pigeni hesabu wenyewe, zaidi ya saa mbili za kazi zinaishia barabarani kabla hajagusa kodi wala chakula.

Wiki iliyopita nilichelewa kutoka kazini, nikamkuta njiani saa tano usiku anatembea. Wanaoijua Texas wanazijua zile barabara za pembeni zinazoambatana na hiwei pande zote mbili, magari yanateremka huko kwa kasi ileile ya juu. Njia ya waenda kwa miguu hakuna, ni majani na mtaro. Dogo alikuwa kwenye majani, viatu vimelowa tope, simu ameishika nyuma ya mgongo, tochi imewashwa inamulika nyuma ili madereva wamwone. Aliponyooshewa taa za gari langu aliruka mtaroni kabla hajanitambua. Hatukuongea mpaka tunafika nyumbani.

Sasa ndiyo nauliza, kuna uzi gani humu uliomwambia hayo?

Kuna uzi uliomwambia kwamba Arlington, katikati kabisa ya Dallas na Fort Worth, watu karibu 400,000, hauna basi la kawaida lenye njia na vituo? Wananchi wake walipiga kura mara tatu wakakataa, mara ya mwisho 2002. Kuna uwanja wa mpira wa watu 80,000 pale. Kuna vigari vidogo vya kuita kwa simu, basi. Columbus, Ohio, watu zaidi ya 900,000, treni ya abiria ya mwisho iliondoka 1979. Mnaweka picha za Columbus mnasema "inakua kwa kasi". Inakua kuelekea wapi, na anayefika leo bila gari anakwenda na nini?

Houston mnaisifia barabara. Ile Katy Freeway waliipanua, ikakamilika 2008, ukijumlisha zile za pembeni unapata njia 26 sehemu pana kuliko zote. Miaka michache tu foleni ikarudi palepale. Kila ukiongeza njia, watu wanajenga mbali zaidi, na mbali zaidi ndiko ardhi ya bei nafuu iliko, ndiko maghala yanakojengwa, ndiko kazi za akina dogo ziliko. Maghorofa yanabaki katikati, kazi ya mgeni iko kilomita arobaini kutoka hapo. Hili ndilo picha haiwezi kuonyesha hata upige kwa droni.

Na hiyo Dallas mnayoipenda, Central Expressway inayowaingiza kwenye maghorofa ilipitishwa juu ya makaburi ya Weusi waliotoka utumwani. Walipoipanua miaka ya 1990 ilibidi wafukue makaburi zaidi ya 1,100. Mtaa wao pale jirani ulikwisha kumegwa siku nyingi. Hata hilo sijaliona humu.

Sisemi maghorofa hayana maana. Austin wamejenga nyumba za kuishi kwa wingi, marefu kwa mafupi, na kodi za pango zimeshuka tangu 2023. Hilo ni jambo la kujadili! Mwaka huohuo wakafuta sharti la kila jengo kutenga maegesho. Dallas nayo walifunika kipande cha hiwei wakaweka bustani juu yake 2012, nimewapeleka wanangu, pazuri. Na Dallas ina mtandao mrefu wa treni za mjini, eti nao unaitwa DART kama mabasi yetu ya mwendokasi ya Dar. Ila ukiishi kitongoji ambacho hakijajiunga na mfumo huo, na vipo vingi, treni unazisikia tu. Mwendokasi wa Kimara tunaulalamikia kwa kubanana, na tuna haki ya kulalamika, lakini angalau mtu wa Kimara hatembei mtaroni kwenda Kivukoni.

Mdogo wangu sasa anadunduliza anunue gari bovu la dola 3,000, na bima ya dereva mpya huku ni moto. Binamu kule kaskazini anasema kitanda bado kipo.

Kwa hiyo mlioko Charlotte, Minneapolis, Nashville, Atlanta, popote, tafadhali sana: kutoka mlangoni kwako mpaka kazini unatembea dakika ngapi, kuna njia ya miguu, basi linakuja kila baada ya dakika ngapi, na la mwisho usiku ni saa ngapi? Wekeni picha za vituo vyenu vya basi. Dogo ana wiki mbili za kuamua.