Naomba ushauri: kidani cha fedha chenye hadithi ya ndege na kisiki

Habari zenu wanajamvi. Wenye uzoefu wa usonara, naombeni mnisaidie.

Natengeneza kidani kutokana na hadithi aliyokuwa akinisimulia bibi: ndege anarudi kwenye mti wake, anakuta umekatwa, anajenga kiota juu ya kisiki. Natumia fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi na zilizobaki ni shaba.

Kisiki kimekaa vizuri. Duara za umri wa mti nimezichonga kwa mkono, moja moja, na kila nikizipapasa kwa kidole nafurahi. Shida ni ndege. Kiota nimekisokota kwa nyaya nyembamba na kilishika vizuri, lakini nikija kulehemu ndege juu yake, kiota kinaachia na kuteleza. Juzi ncha ya bawa iliyeyuka kabisa, kazi ya siku nne. Nilitumia lehemu (metali ya kuyeyusha ili kuunganisha vipande) ya aina moja mwanzo hadi mwisho. Je, nikianza na lehemu ngumu inayoyeyuka kwa joto kubwa, nikamalizia na laini, itatosha? Au ndege nimfunge kwa ribiti, yaani kipini kinachopitishwa tunduni na kugongwa ncha, moto usihusike tena?

La pili ndilo linaninyima usingizi. Natamani ndege awe na kijiti mdomoni, maana bila hicho sioni mtu atajuaje kwamba anajenga upya. Nikikiongeza, kidani kinajaa mno na kinanasa nguo. Ninyi mnachaguaje tukio moja la kubeba hadithi nzima?