Naomba ushauri: watoto wa mbwa hawalikumbuki bakuli lao

Mleta mada: Wakuu, niko Mwanga, Kigoma, nyumba ya kupanga. Nina watoto wanne wa mbwa, wiki nane. Mama yao aligongwa na bodaboda wakiwa na wiki tatu, nikawalea kwa maziwa. Watatu kila siku naanza nao upya: bakuli liko palepale mlangoni, wanalizunguka kama hawajawahi kuliona. Wa nne, jike, analijua. Shida nini?

MzeeWaReli: Minyoo hiyo. Mbwa wangu kule Urambo alizubaa hivyohivyo, nikampa dawa, akaja kulinda tumbaku mpaka wezi wakabadili njia.

BintiUjiji: Mbwa wanne nyumba ya kupanga? Tuanzie hapo.

DaktariMifugo: Hao watatu walipewa nini ambacho jike hakupewa?

Mleta mada: Dawa ya usingizi tu.

DaktariMifugo: Ipi? Mara ngapi?

Mleta mada: Ketamini. Jamaa anayetibu mifugo aliniachia chupa. Walikuwa wanalia usiku, mwenye nyumba akasema akiwasikia tena nihame. Niliwachoma kila usiku, wiki mbili. Jike hakuwa analia. Msinihukumu, asubuhi walikuwa wanakula! Chupa haijaisha, nilipanga niendelee hadi mwisho wa mwezi nipate chumba kwingine.

DaktariMifugo: Usiendelee hata leo. Ketamini hufunga vipokezi vya NMDA, malango ambayo ubongo hutumia kushika jambo jipya. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kuwa panya wa siku 7 waliofungiwa vipokezi hivyo kwa saa kadhaa walipoteza seli nyingi za ubongo. Nyani wachanga waliolazwa kwa ketamini saa 24 walibaki nyuma katika kujifunza kwa miaka. Upasuaji mfupi wa mara moja ni habari nyingine. Wewe umechoma kila usiku, ubongo ukiwa bado unajengwa.

Kapteni_Tbr: Chai hii. Watatu wachomwe, mmoja abaki wa kulinganishia? Huyu mwanafunzi anatafutiwa majibu ya zoezi.

MzeeWaReli: Hata mimi nimeanza kushtuka.

BintiUjiji: Chai au si chai, chupa ya ketamini inakaaje kwenye chumba cha kulala?

Mleta mada: Si chai. Laiti ingekuwa chai. Sasa hivi jike ameshakula, na yule mdogo amesimama kwenye kona ambako bakuli halijawahi kuwekwa. Daktari, nianzie wapi?

DaktariMifugo: Kesho asubuhi chupa irudi kwa mwenyewe, na watoto wapelekwe kwa daktari wa mifugo. Bakuli lisihame, saa za kula zisibadilike. Mruhusu amfuate dada yake.