QGIS au Google Earth Pro kwa kufundisha Bonde la Ufa, Kidato cha Tatu?

Mwl_Natron: Wakuu, habari za kazi. Wiki ijayo fundi anapakia programu kwenye maabara ya shule. Nataka ya kufundishia volkeno, kuta za Bonde la Ufa na usomaji wa kontua (mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa). Nimebakiza QGIS (ya kuchora na kuchambua ramani) na Google Earth Pro (ya kutazama picha za dunia), zote za bure. Nichukue ipi?

kontua_20: Mkuu, hujasema una kompyuta ngapi, RAM kiasi gani, Windows ni ya biti 32 au 64, na intaneti ikoje. Bila hayo tunabahatisha tu.

DadaJiolojia: Mimi nasema Google Earth Pro. Chora mstari kutoka ufukwe wa Ziwa Natron hadi kilele cha volkeno ya Ol Doinyo Lengai, bofya kulia, chagua Show Elevation Profile (mkato wa mwinuko). Ndani ya dakika mbili darasa linaona mlima ukipanda hadi mita 2,962. Ila kwenye Options rudisha ukuzaji wa mwinuko uwe 1. Ukiuacha kwenye 3, mteremko wa digrii 30 unaonekana wa digrii 60, na mwanafunzi atauchora hivyohivyo kwenye mtihani.

ramani_mkononi: Hiyo ni ya kutazama. Kontua unazichora kwa QGIS. Pakua kigae (kipande cha ramani) cha SRTM, data ya mwinuko iliyopimwa kutoka angani, kiitwacho S03E035, kikifunguliwa ni kama MB 25. Jina linataja kona ya kusini-magharibi, kwa hiyo kigae kinaanzia latitudo 3 kusini kwenda juu hadi 2. Wengi huchukua S02 kisha wanautafuta mlima hawauoni.

Mpimaji_wa_Zamu: Na wakishaupata wanakwama hapa. Kuna darasa lilipoteza vipindi viwili: walipakia kigae, wakaendesha Slope (zana ya kukokotoa mteremko) moja kwa moja, karibu ramani yote ikasoma digrii 89 na ushee, hata kwenye mbuga tambarare. Hillshade, yaani ramani ya vivuli vya milima, nayo ikatoka madoa meusi na meupe. Wakalaumu kompyuta, wakasakinisha programu upya, wakapakua kigae upya, matokeo yaleyale. Sababu ni vipimo: SRTM huja na mlalo kwa digrii na mwinuko kwa mita. Hatua ya seli moja (kiraba kimoja cha data) ni digrii 0.00028, kwa hiyo programu ikiona ardhi imepanda mita 1 hapo, inahesabu ukuta. Dawa ni kupitisha Warp (zana ya kubadili mfumo wa ramani) kwanza: EPSG:32736, yaani mfumo wa UTM kanda ya 36 kusini unaopima kwa mita, seli ya mita 30, njia ya bilinear inayokadiria thamani kati ya seli jirani. Ukiacha nearest, inayonakili tu seli ya karibu, kontua zinatoka na ngazi-ngazi. Halafu Lengai uko longitudo 35.9 na kanda ya 36 inaishia 36 kamili. Ukitaka na mlima Gelai, ongeza S03E036, unganisha vigae kwanza, ndipo upitishe Warp mara moja kwa kanda hiyohiyo.

Mwl_Natron: Samahani kwa kuchelewa. Kompyuta 18, RAM GB 2, nyingi biti 32. Intaneti ni modemu moja.

kontua_20: Ungeanza na hilo! Kwa biti 32, QGIS ya mwisho ni 3.16. Zana ya ndani ya kuchora mkato wa mwinuko ilikuja 3.26, kwa hiyo beba programu-jalizi ya Profile Tool kama faili la ZIP kwenye flashi. Kata kigae kibaki eneo la kilomita 20 kwa 20, RAM hiyo itamudu.

DadaJiolojia: Basi Google Earth iwe kwenye kompyuta ya mwalimu na projekta. Modemu moja haiwezi kulisha mashine 18. Lipitie eneo lote siku moja kabla ili picha zikae kwenye akiba ya diski. Na nyie wa SRTM, msifundishie kasoko (shimo la kileleni) ya Lengai. Data ile ilichukuliwa Februari 2000, na mlipuko wa 2007 hadi 2008 uliigeuza kabisa kasoko ya kaskazini.

ramani_mkononi: Kweli, hapo nakubali. Lakini matetemeko je? CSV (faili la jedwali) ya matetemeko kutoka USGS, shirika la jiolojia la Marekani, inaingia QGIS bila shida: X ni longitudo, Y ni latitudo. Ukizigeuza, matetemeko ya Natron yanaangukia Bahari ya Mediterania.

Mpimaji_wa_Zamu: Waambie pia kwamba kwenye jedwali hilo kina cha tetemeko cha kilomita 10 kamili mara nyingi ni thamani iliyowekwa tu pale kina kisipopimika. Wasije wakadhani kuna tabaka linalovunjika hapo.

kontua_20: Mimi ningeanza na maboksi: kata boksi kwa kufuata kila kontua, panga vipande juu ya vingine upate mfano wa mlima. Kwa skeli ya 1:50,000, kontua za kila mita 100 zinahitaji unene wa milimita 2. Boksi la milimita 4 linakuza mwinuko mara mbili, hapo mwanafunzi anaushika ukuzaji kwa mkono.

Mwl_Natron: Boksi za karatasi za A4 zina unene gani?

kontua_20: Zinatofautiana. Rundika vipande 10 bila kuvikandamiza, pima kwa rula, gawa kwa 10.