Mafuta ya gia boksi ya otomatiki yamezidi: ninyonye kwa mpira au nifungue nati ya chini?

MgeniWaSpana
Wakuu habari za jioni. Nimejiletea balaa kwa mikono yangu mwenyewe. Jana asubuhi, gari halijatoka popote, niliwasha injini, nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi, nikakuta mafuta yako chini ya alama za HOT. Nikaongeza lita moja ya ATF (mafuta ya gia boksi ya otomatiki) bila kujiuliza mara mbili. Leo nimerudi kutoka safari ya saa nzima, napima tena: yamepita alama ya juu kwa karibu upana wa vidole viwili. Nikiweka D gari linachelewa kidogo kushika, na kuna harufu ya mafuta yanayoungua.

Nataka kuyapunguza hapa hapa nyumbani. Njia ninazozijua ni tatu: kunyonya kupitia tundu la kijiti, kulegeza nati ya chini ya sampu (beseni la mafuta chini ya gia boksi), au kuchomoa mpira unaokwenda kwenye rejeta kisha niwashe injini yajimwage yenyewe. Mnanishauri ipi?

Grisi_Kucha
Ya tatu ifute kabisa. Pampu ya gia boksi haina subira. Ukiwasha injini mpira ukiwa wazi, mafuta yanaruka kwa kasi, na wakati unahangaika kuzima yameshatoka kuliko ulivyotaka. Wanaoitumia ni wale wanaobadilisha mafuta yote, tena wakiwa wawili, mmoja ameshika ufunguo na mwingine ndoo. Wewe unatafuta nusu lita.

Mzee wa Gereji
Kijana, kabla ya njia tuzungumze kipimo, maana hapo ndipo ulipoteleza. Mafuta ya gia hutanuka yakipata moto. Yale uliyoyaona asubuhi yalipaswa kulinganishwa na alama ya COLD. Wewe uliyajaza ya baridi mpaka mstari wa moto. Yalipotanuka yangekwenda wapi?

Pima hivi: gari mahali tambarare, limetembea mpaka gia boksi imepata moto sawasawa, injini inanguruma, breki ya mkono juu, mguu kwenye breki. Pitisha mkono wa gia kila nafasi pole pole, rudisha P. Chomoa kijiti, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Soma pande zote mbili na uamini ule wa chini zaidi, kwa sababu mafuta yanayong'ang'ania ukuta wa bomba hupaka kijiti na kukudanganya.

Angalia pia kitabu cha gari. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndani ya dakika moja hivi tangu kuzima. Gari la aina nyingine ukilipima limezimwa, utaona yamezidi wakati hayajazidi, kwa kuwa mafuta ya juu yameshateremka kwenye sampu.

MgeniWaSpana
Nimerudia kama ulivyosema mzee, na si Honda. Yamezidi kweli. Naweza kuendesha hivi hivi mpaka wikendi?

Mzee wa Gereji
Liache lipumzike. Mafuta yakipanda mpaka kuguswa na vyuma vinavyozunguka, yanapigwapigwa mpaka yanatoa povu kama sabuni kwenye beseni. Povu ni hewa, na hewa hubonyea. Presha inashuka, klachi za ndani zinateleza badala ya kushika, joto linapanda. Huko kuchelewa kwako kwenye D huenda ndiko huko. Na harufu, chungulia karibu na kipumulio cha gia boksi, yaani tundu lake la kutolea hewa: yakizidi hutokea hapo, na yakidondokea bomba la moshi ndipo unasikia kuungua.

Mama Boneti
Mimi ni wa mpira na sindano, na sijawahi kujuta. Nunua sindano kubwa isiyo na ncha, ya mililita 60, na mpira mwembamba mgumu kiasi usiolegea kwenye mafuta ya moto. Kata ncha ya mpira mshazari ili usijibandike kwenye sakafu ya sampu. Kabla hujauingiza, ulaze sambamba na kijiti na ufunge kiutepe pale urefu unapoishia; hapo unajua umeufikisha wapi na hutausukuma kipofu.

Zima injini, subiri mafuta yawe vuguvugu, yasiwe ya kuunguza. Shusha mpira taratibu. Ukigota chini, vuta juu kidogo. Mvuto wa kwanza utaleta mapovu tu, usikate tamaa. Wa pili unaona wekundu unapanda ndani ya mpira. Mivuto minane iliyojaa ni kama nusu lita. Mwaga kwenye chupa safi yenye vipimo, maana utataka kujua umetoa kiasi gani, na ukipitiliza utarudisha humo humo.

Na tafadhali, tusisikie mtu amevuta kwa mdomo kama petroli!

Nati_Kumi_na_Nne
Mama Boneti, heshima yako, ila sindano ni kazi ya kushona. Mimi nafungua nati ya chini, nakinga yote kwenye beseni safi lenye vipimo. Zikitoka lita tatu, narudisha mbili na nusu kwa faneli. Nimemaliza, na nimeona kama kuna chembe za chuma.

Grisi_Kucha
Hoja ya chembe naikubali. Lakini umeacha gharama zake: gari liinuliwe juu ya stendi, si jeki peke yake, matairi yazuiwe, washa ya nati (pete ya kuzuia kuvuja) iwe mpya, na nati ikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Halafu uwe na uhakika ni nati ipi. Mimi mara ya kwanza kubadilisha oili ya injini nilifungua nati, yakatoka mekundu kama juisi ya rozela, nikashangaa oili ya gari hili ni safi namna gani! Nilikuwa nimemwaga gia boksi. Kama hukushtuka hapo, unakwenda kujaza oili juu ya oili kwenye injini, na gia boksi inabaki kavu.

Nati_Kumi_na_Nne
Hilo halina ubishi. Kwa nusu lita na mtu wa mara ya kwanza, basi sindano.

Dereva_Kimya
Na sisi ambao gia boksi haina kijiti?

Mzee wa Gereji
Nyingi za hivyo zina nati ya kupimia kwenye sampu, yenye kibomba kidogo ndani. Gari linanyanyuliwa likiwa limelala sawa pande zote nne, injini ikinguruma, na mafuta yakifika joto lililotajwa kwa gari lako (mara nyingi ni kati ya nyuzi 35 na 45) nati inafunguliwa. Yaliyozidi yanachirizika yenyewe. Yakianza kudondoka tone tone unafunga. Joto husomwa kwa mashine ya uchunguzi, halipimwi kwa kiganja. Na usizime injini nati ikiwa wazi, maana yanateremka ya juu na unapoteza yasiyokuwa ya kupotea. Kama huna mashine wala stendi nne, hiyo mpelekee fundi.

MgeniWaSpana
Mrejesho wakuu. Nimetumia sindano. Mivuto minane, nikazunguka dakika ishirini, nikapima: bado yamezidi kidogo. Nikaongeza mivuto mitatu. Jumla mililita 660, na sasa mafuta yamekaa katikati ya alama mbili za HOT. D inashika papo hapo. Kipumulio kweli kilikuwa kimelowa, na chini yake bomba la moshi lina doa jeusi. Nimefuta, harufu imepungua.

Niliyoyatoa ni mekundu safi bado. Niyatupe?

Mama Boneti
Kama sindano, mpira na chupa vilikuwa safi na vikavu, funga kifuniko, andika jina la ATF na tarehe, weka kivulini. Kama una shaka navyo, peleka kunakopokelewa oili chakavu, mtaroni hapana. Wiki ijayo pima tena kabla hujashika chupa nyingine.

MgeniWaSpana
Nitapima likiwa la moto, mama.